Farasi Arobaini na Mmoja wa Rangi ya Moshi

Ofisi ya Ukaguzi wa Mifugo ya Serikali
Makao ya mkoa
6 Januari 1974

Ndugu Dejid,
Kambi ya farasi ya tatu, Shamba la Serikali la Ulaan Had.

Natumaini baridi hii mnaivuka salama na mifugo ina mafuta mgongoni. Mimi ni Perenlei, mkaguzi wa hesabu za mifugo ya serikali katika mkoa huu. Hatujaonana. Nakuandikia kuhusu kundi la farasi lililokuwa chini ya marehemu mumeo, Shagdar wa Borhuu, ambalo tangu Oktoba unalichunga wewe.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi Juni, baada ya kuzaliana, Shagdar alisaini farasi 316. Kati ya Juni na Desemba walikufa wanne, na ngozi zao nne zenye chapa na masikio zilipokelewa ghalani. Kwa hiyo Desemba walipaswa kuwa 312. Karatasi ya sensa ya Desemba iliyoletwa na shamba inasema 271. Wamepungua 41.

Nimelinganisha rangi kwa rangi, nikishaondoa zile ngozi nne. Wekundu ni sawa. Weusi ni sawa. Wa kahawia, weupe, wa madoa, wote ni sawa, hakuna tofauti hata ya mmoja. Kwenye safu ya farasi wa kijivu, Juni walikuwa 41. Desemba pameandikwa sifuri.

Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Nimeona makundi yaliyomalizwa na theluji, na mbwa mwitu, na ugonjwa. Sijaona hata kimoja kati ya hivyo kikichagua rangi moja na kuziacha nyingine zote. Mtu anaweza kuchagua rangi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nauliza tu.

Farasi wa kijivu wako wapi?

Kamati ya Hesabu ya mkoa inakaa tarehe 14 Februari. Jambo hili likifika pale bila maelezo, faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka na kundi litakabidhiwa kaya nyingine. Nakuomba unijibu kwa mkono wa mpanda farasi wa posta, na unijibu wazi.

Perenlei
Mkaguzi


Kambi ya tatu
13 Januari 1974

Ndugu Mkaguzi,

Sisi tunavuka. Mafuta mgongoni hayajai lakini yapo, kwa sababu mwezi wa tisa maji ya juu yalishuka siku nne mfululizo, nyasi zikachipua upya wakati ambapo kwa kawaida zimeshakauka. Farasi waliingia kwenye baridi wakiwa wameshiba. Bila zile siku nne ungekuwa unaniuliza habari nyingine.

Farasi wote wapo. Ni mia tatu na kumi na wawili. Niliwahesabu leo asubuhi kabla ya chai, nikawahesabu tena baada ya chai, maana mtu akiambiwa na serikali kwamba amepoteza farasi arobaini na mmoja huanza kuyashuku macho yake. Macho yangu hayana kasoro. Hao unaowauliza wako na wenzao kwenye mteremko wa kusini, wanafukua theluji kwa kwato na kula kilicho chini yake.

Karani mliyemtuma Desemba alikaa kwangu siku mbili. Dhoruba ilikuwa kali, wino ukaganda, akaandika kwa penseli na glavu mkononi. Mimi nilisimama kwenye mwanya wa zizi, namtaja kila farasi anayepita na rangi yake, naye anaandika. Tulipomaliza nikamwuliza, "Umepata wangapi, mdogo wangu?" Akasema, "Wote, dada. Sasa nipe chai kabla sijawa farasi wa mia tatu na kumi na tatu." Kama hapa aliwapata wote, basi walimpotea mkobani.

Meneja Gombo alinipa kundi hili nilishikilie tu mpaka majira ya kuchipua nyasi, ndipo aamue nani awe mchungaji wake. Nimeishi nalo miaka kumi na tisa. Nikinyang'anywa nitabaki na jiko na mzee wangu, baba wa marehemu, na kuna siku jiko ndilo lenye mazungumzo zaidi. Kwa hiyo sikujibu hivi kwa kucheza. Njoo uwahesabu mwenyewe.

Dejid


Makao ya mkoa
20 Januari 1974

Ndugu Dejid,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Imeandikwa vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua. Ina nyasi, ina chai, ina kwato, ina karani. Neno "kijivu" halimo hata mara moja. Nilikuuliza juu ya farasi wa kijivu, ukanijibu "hao unaowauliza". Mtu mwenye farasi arobaini na mmoja wa kijivu mbele ya macho yake huandika: farasi wa kijivu wapo. Ni maneno manne. Hukuyaandika.

Ningekuja. Barabara ya bondeni imefungwa na theluji tangu tarehe 9, na gari letu moja halitatoka kabla ya mwezi wa tatu. Kwa farasi ni siku mbili, na daktari amenikataza tandiko kwa sababu ya uti wa mgongo. Kwa hiyo tutatumia karatasi.

Ndani ya bahasha hii utaona tamko la mstari mmoja: "Mimi, mchungaji mwenye dhamana, nathibitisha kwamba farasi wa kijivu wa serikali walio mikononi mwangu ni ______." Kanuni inataka mchungaji alinakili lote kwa mwandiko wake, aweke idadi na kusaini. Ukilirudisha likiwa kamili, nitalipeleka mbele ya Kamati na kulitetea. Ukilirudisha tupu, sitakuwa na cha kutetea.

Perenlei


Ofisi ya Meneja
Shamba la Serikali la Ulaan Had
22 Januari 1974

Ndugu Perenlei,

Nasikia unaandikiana barua na mama wa kambi ya tatu. Kaka, utachoka. Mume wake alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku, lakini yalikuwa matano ya maana. Huyu ukimwuliza swali anakupa hali ya hewa.

Sisemi ni mwizi. Kwa haki niseme pia kwamba baridi hii shamba limeshapoteza farasi sitini na tatu, na kambi ya tatu imeleta ngozi nne tu tangu Juni. Ndiyo maana nina wasiwasi. Hesabu nzuri kiasi hicho halafu shimo kubwa kiasi hicho? Kuna jambo. Na hata kama hakuna, kundi la farasi mia tatu si la kumwachia mjane mwenye mzee wa miaka sabini na tisa wa kumlisha. Nina kaya nyingine, wanaume watatu, wote wapanda farasi hodari. Wako tayari kuyachukua malisho yale tarehe 15 Februari. Nasubiri tu neno la Kamati.

Uliomba daftari la karani. Mwenyewe yuko hospitalini, vidole viwili vya mguu vimekatwa kwa baridi. Daftari lilikuwa kwenye sanduku la mwandishi wetu wa taipu. Linakuja na posta ijayo, ingawa sidhani kama lina jipya.

Gombo


Kambi ya tatu
28 Januari 1974

Ndugu Mkaguzi,

Karatasi yako narudisha tupu. Sikuikataa kwa sababu ni ya uongo. Siwezi kuinakili, na sababu siwezi kuiandika. Najua unavyoisoma sentensi hiyo. Hata mimi ningeisoma hivyo hivyo.

Badala yake nakuletea hao farasi wenyewe, mmoja mmoja, kurasa kumi na moja za daftari la shule. Rangi yao ni ya moshi wa kinyesi kikavu asubuhi isiyo na upepo. Wakizaliwa wanakuwa weusi kidogo, kisha kila mwaka wanapauka, kwa hiyo wa miaka mitatu na wa miaka kumi na mitano hawafanani, na mgeni anaweza kudhani ni rangi mbili. Wa kwanza ni jike wa miaka kumi na saba, meno ya mbele yameisha, ana kovu la mbwa mwitu paja la kushoto. Alilipata mwaka 1966 akimlinda mwanawe, na huyo mwana ni wa nane kwenye orodha. Huyu jike ndiye anayeongoza wenzake kutafuta maji. Mwaka jana hakukosea hata mara moja.

Wa tano ni dume aliyehasiwa, sikio la kulia limepasuka, hapandiki na mtu mwenye harufu ya tumbaku. Wa kumi na mbili na wa kumi na tatu mama yao ni mmoja, wamepishana mwaka, hawasimami mbali zaidi ya urefu wa kamba. Wa ishirini alivunjika mguu akiwa mchanga. Wataalamu wa shamba walisema achinjwe. Mume wangu alimfunga mbao na ukanda wa ngozi, akalala naye zizini siku thelathini na tatu. Sasa anachechemea kwenye kutembea tu. Akikimbia huoni kitu. Wa thelathini na nne analia kama mtoto wa mtu ukimtenga na kundi, usiandike kwamba ni mgonjwa. Wa arobaini na moja alizaliwa Mei, wa mwisho kabisa kupigwa chapa na mkono wa Shagdar. Chapa yake imekaa upande kidogo kwa sababu Shagdar alikuwa ameshaanza kukohoa.

Kila mmoja ana umri wake, mama yake, alama yake na mahali anaposimama upepo ukivuma. Mtu akiniletea farasi yeyote kati ya hao gizani, nikampapasa, nitakuambia ni wa ngapi. Kama hilo halitoshi kwa serikali, sina kingine.

Dejid


Makao ya mkoa
3 Februari 1974

Ndugu Dejid,

Barua hii ni ya kukuomba radhi. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo ninavyojua.

Tarehe 1 nilipeleka kurasa zako nyumbani nizisome kwa utulivu. Nilimsomea mke wangu, Norjmaa, akiwa anakanda unga. Yeye ni mtoto wa wafugaji. Mimi nilizaliwa mgodini. Baba alichimba makaa, na kwetu watu waliitana kwa majina ya utani na matusi. Nilimsomea kurasa zote, kisha akaomba nimsomee na barua yako ya kwanza. Nilipofika kwenye siku nne za mwezi wa tisa akanisimamisha.

"Huyu mwanamke hasemi mvua."

"Ana namna yake ya kuandika," nikamwambia.

"Namna gani! 'Maji ya juu.' Mtu anayezijua nyasi hivyo hawezi kusahau mvua inaitwaje. Baba mkwe wake anaitwa nani?"

Nikasema sijui.

"Hujui? Umemwandikia mwenyewe, mzee wangu, na nakala umeiacha juu ya meza yangu ya unga. Marehemu Shagdar wa nani?"

"Wa Borhuu."

Akajifuta mikono. "Haya. Na kijivu ni nini kwa lugha yetu?"

"Bor."

"Na mvua?"

"Boroo."

"Miaka hamsini na mbili," akasema, "na bado serikali inakulipa."

Kisha akanieleza jambo ambalo nadhani nilipaswa kulijua. Mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lililomo ndani ya jina hilo, wala neno linalofanana nalo kwa sauti. Baba mkwe wa mama yake Norjmaa aliitwa Chuluun, maana yake jiwe, na mama yule alikufa bila kulitamka neno jiwe. Mawe aliyaita "magumu". Watoto wake walikua wakidhani hilo ndilo jina halisi la mawe.

Jana daftari la karani limefika. Ukurasa wa tisa, kwa penseli: "wa moshi, 41". Juu yake umepigwa mstari wa wino, kwa mkono mwingine, na pembeni pameandikwa: "Rangi haimo kwenye fomu." Fomu yetu ina rangi kumi na moja zilizochapwa tayari. Mwandishi wa taipu alijumlisha zile kumi na moja. Farasi wako hawakupotea mkobani. Walipotea kati ya mistari ya karatasi, na karatasi hiyo niliipitisha mimi mwenyewe mwaka 1969.

Shagdar alipokuwa akihesabu hakukuwa na tatizo, kwa sababu mwana anaruhusiwa kulisema. Nilikuwa na jibu mbele yangu tangu siku ya kwanza, na nilikushuku wewe.

Sasa lililobaki. Daftari limepigwa mstari, na lililopigwa mstari Kamati hailipokei peke yake. Kanuni bado inataka tamko la mchungaji kwa mwandiko wake, kwa jina la rangi lililochapwa. Meneja Gombo ana kaya inayosubiri tarehe 15. Dada Dejid, andika mara moja tu. Barua haina sauti. Hakuna atakayesikia, na ikishapita Kamatini nitaifungia kabatini mwenyewe.

Perenlei


Kambi ya tatu
8 Februari 1974

Ndugu Mkaguzi,

Msalimie Norjmaa. Mwambie kwetu pia kuna mtoto wa jirani aliyekua akidhani "maji ya juu" ndilo jina halisi. Shagdar alipokuwa bado na akili za kitoto, mwaka wetu wa kwanza, alikuwa akinichokoza: "Leo kunanyesha nini, mke wangu?" Na mimi najibu, "Kunanyesha baridi." Mara moja wingu lilitujia ghafla na yeye yuko mbali na farasi, nikapiga kelele kutoka mlimani, "Anga inamwagika! Anga inamwagika!" Akadhani ni moto. Alikuja mbio na ndoo.

Sikukueleza mapema kwa sababu kueleza kunataka kulitaja lile lile. Tena makaratasi ya shamba yanasema sisi hatuna tena mila hizo.

Unasema barua haina sauti. Mimi nikiandika nasikia.

Nilikuja hema hili nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui farasi, kwetu ni kondoo. Mkwe alinichukua kwenye kundi siku ya tatu. Hakunifundisha kuhesabu. Alisema anayehesabu anajua idadi, na idadi ikipungua hajui aliyetoka ni nani. Alinifanya nikae na farasi kumi mpaka niwajue kwa nyuso, kisha kumi wengine. Ilichukua baridi mbili. Hakunipandishia sauti. Nilipompoteza jike mwenye mimba kwenye barafu, kwa uzembe wangu, alikwenda kwa meneja wa wakati ule na ile ngozi, akasema ni uzembe wake yeye. Kitu pekee ambacho amewahi kukipata kutoka kwangu ambacho hakipati kwa mtu mwingine ni hicho, kwamba jina lake halipiti mdomoni mwangu kama jina la ndoo. Shagdar amekufa. Ningeacha sasa, mzee angekuwa amefiwa mara mbili.

Nimefikiri siku tatu. Siandiki. Kama Kamati itawatoa farasi, waje na watu wanaojua kwamba yule wa kwanza kwenye orodha ndiye wa kufuatwa kwenda majini. Na wa ishirini asipigwe akichechemea.

Mzee hajui habari hizi. Naomba abaki hivyo.

Dejid


(Barua kwa maandishi ya zamani yanayoshuka wima, ambayo shule hazifundishi tena)
Kambi ya tatu
8 Februari 1974

Mkaguzi wa serikali,

Nimeandika kwa mwandiko nilioujua. Kama umri wako ni mdogo tafuta mzee wa kukusomea.

Mimi ni Borhuu. Mpanda farasi wa posta hajui kufunga mdomo, na masikio yangu yako salama kuliko magoti. Nimejua habari hizi tangu karatasi yako ilipofika. Nilisubiri nione mkwe wangu atafanya nini. Sasa yuko ndani anamwekea chai huyu wa posta, na mimi naandika juu ya tandiko lake.

Juzi nilimwambia, "Binti yangu, kuna neno unaogopa kulisema?"

Akasema, "Hakuna, baba."

Nikasema, "Likiwepo, nimekupa ruhusa. Liseme. Sitadondoka."

Akasema, "Baba, chai inapoa."

Nimefuga farasi wa watu watatu. Kwanza wa bwana mmoja ambaye hakujua hata walipo, kisha wangu mwenyewe, kumi na wanne, kisha wa serikali tangu niliposaini kuwatia wale kumi na wanne ndani ya shamba. Najua mchungaji ni nani. Mwanangu alikuwa mzuri. Huyu ni bora. Mwanangu aliwajua farasi wakiwa mbele yake. Huyu anawajua wakiwa hawapo. Sikumwambia Shagdar jambo hilo akiwa hai, na huyu sitamwambia, atavimba kichwa. Nakuambia wewe.

Kama serikali inataka neno, isimsumbue mwenye kulitunza. Neno ni langu, nilipewa na mama yangu kwa sababu nilizaliwa na rangi ya mtoto wa farasi. Lichukueni kwangu.

Jana nilipandishwa farasi, nikafungwa kwenye tandiko kwa mkanda, nikapita kundi lote. Mimi Borhuu, mtunzaji wa zamani wa kundi hili, nashuhudia kwamba farasi wa kijivu wa serikali walio mikononi mwa mkaza mwana wangu ni arobaini na mmoja.

Nimeandika rangi kwa maneno kama mnavyotaka. Lisomeni kwa sauti mpendavyo.

Borhuu


Makao ya mkoa
15 Februari 1974

Dada Dejid,

Natoa taarifa ya kikao cha jana.

Tulikuwa watu saba. Nilisoma takwimu, nikaonyesha daftari, nikasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa orodha yako, kisha nikasoma barua ambayo hukuijua. Najua uliomba mzee asijue. Alijua kabla yangu. Barua yake nakuletea nakala, na nakushauri uisome ukiwa peke yako, kwa sababu kuna sehemu aliyosema hatakuambia.

Mwenyekiti alisema ushuhuda wa mtunzaji wa zamani hauwezi kuchukua nafasi ya tamko la mchungaji wa sasa. Akauliza, "Mchungaji mwenyewe kwa nini hakuandika?" Nikamweleza. Akasema, "Mwaka 1974? Bado kuna mtu anayefanya hivyo?" Mjumbe mmoja akacheka. Akasema hiyo ni hadithi ya kuwalaza watoto, na kwamba hakuna mtumishi wa serikali mwenye akili timamu anayeweza kuendesha hesabu kwa kuruka maneno.

Hapo akasimama Badam. Ni mhasibu mkuu wa mkoa, mwanamke wa miaka hamsini na tano. Takwimu zote za mifugo zinazokwenda mji mkuu zinapitia mkononi mwake, na hajawahi kurudishiwa hata moja. Akamwuliza yule mjumbe, "Kondoo wa wilaya yako mwaka jana nilikusomea walikuwa wangapi?"

"Mia kumi na nne na kidogo," akasema yule mjumbe, akimaanisha 1,400 na ushei.

"Kwa nini ulisema mia kumi na nne?"

Mjumbe akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akageuza karatasi zake. Hata mimi nilikuwa najaribu kukumbuka.

"Jina la baba mkwe wangu ni namba inayofuata baada ya mia tisa tisini na tisa," akasema Badam. Ni mzee Myangan, na maana yake ni elfu. "Nimefanya hesabu za mkoa huu miaka kumi na moja na sijalitamka neno hilo. Tarakimu kubwa nawasomea moja moja, mnadhani ni umakini. Nyote mmeanza kusema mia kumi kwa sababu yangu, na mwenyekiti ameisema kwenye redio. Kama hesabu za mchungaji huyu ni mbovu, basi na zangu ni mbovu, mzifungue zote tangu 1963."

Hakuna aliyetaka kuzifungua zote tangu 1963.

Uamuzi una vipengele vitatu. Kundi la kambi ya tatu ni farasi 312, hakuna upungufu. Orodha yako ya kurasa kumi na moja imepokelewa kuwa tamko la mchungaji kwa mwandiko wake, na kuanzia mwaka huu kila kambi ya farasi itatakiwa kuleta orodha ya namna hiyo. Wachungaji watakulaani, jiandae. Cha tatu, Kamati imemwelekeza Meneja Gombo kwamba mchungaji mwenye dhamana wa kundi hilo ni wewe, kwa jina lako, bila kikomo cha majira. Gombo alikuwepo kwa simu. Alisema, "Sawa, sawa, lakini mwambieni apunguze hali ya hewa."

Kwenye fomu nimeongeza safu ya kumi na mbili kwa kalamu: "wa moshi".

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na nimehesabu mifugo mingi sana ya serikali. Nataka ujue kwamba kundi lako ndilo la kwanza ambalo nalijua.

Perenlei


Kambi ya tatu
23 Februari 1974

Kaka Perenlei,

Barua imefika. Ile ya mzee niliisoma peke yangu, zizini. Sikuvimba kichwa. Nilivimba macho kidogo, lakini upepo ulikuwepo.

Wale wanaume watatu wa Gombo walifika tarehe 15 kama ilivyopangwa, maana walikuwa tayari njiani Kamati ilipokaa. Walikaa usiku mmoja. Asubuhi niliwaambia waniletee yule jike wa kwanza, kama ndio wachungaji. Walizunguka mpaka mchana wakaniletea dume. Tukacheka, wakanywa chai, wakarudi walikotoka kabla hata barua haijawaita. Ni vijana wazuri. Mkubwa zaidi kati yao nimemwomba aje Mei anisaidie kupiga chapa.

Baridi bado ipo. Jana mmoja wa kahawia aliteleza kwenye barafu akateguka bega, lakini anakula. Wote ni mia tatu na kumi na wawili.

Jioni nilimsomea mzee barua zako kwa sauti, zote, tangu ya kwanza mpaka sahihi ya mwisho. Kila nilipofika kwenye lile neno au jina lake, nilikohoa na kuendelea. Ni barua ndefu. Nilipomaliza akaniuliza kama nina homa.

Nikasema, "Hapana, baba."

"Basi kohoa polepole," akasema. "Unawashtua farasi."

Dejid
Mchungaji, kambi ya tatu